Herufi Moja Iliyomwaga Damu

Kila asubuhi Chapuchapu alifika shuleni mbio, begi likimgonga mgongoni. Jina hilo alipewa kwa sababu ya miguu yake, ingawa hasira zake nazo hazikuchelewa. Siku moja aliwashinda wakimbiaji wote wa shule, na kesho yake rafiki yake, binti wa fundi cherehani, alimletea utepe mwekundu wa kuvaa kifuani. Ulidariziwa neno la Kiingereza kwa uzi wa dhahabu: QUEAN.

"Nimeushona mwenyewe," binti wa fundi alisema. "Uvae, dada, leo ni siku yako."

Chapuchapu akauvaa, akatamba nao darasani. Kiranja akautazama, akatoa kamusi kuukuu kabatini, akasoma kwa sauti: "Quean. Mwanamke mwenye tabia chafu."

Darasa zima likaangua kicheko.

Chapuchapu aliona giza. Hakuuliza. Alimrukia rafiki yake, akamtandika kofi, kisha ngumi ya pua. Binti wa fundi alifungua mdomo aseme. Ngumi nyingine ikamziba. Chapuchapu akamkamata kichwa, akamgongesha paji la uso kwenye pembe ya dawati. Damu ikamchuruzika machoni, ikatapakaa kwenye madaftari. Waliokuwa wakicheka wakaanza kulia. Mkono ulikuwa umeinuka tena mwalimu wa Kiingereza alipoingia na kuudaka.

"Nilitaka kuandika malkia," binti wa fundi alisema kwa shida.

Mwalimu alilifunga jeraha kwa kitambaa, kisha akaitazama kamusi. "Kiranja, mbona hukumaliza kusoma? Hapa wamesema ni neno la kale, halitumiki tena. Malkia ni queen, kwa e mbili. Maneno hayo mawili yanatamkwa sawa. Mwenzenu amekosea herufi moja."



Kwenye zahanati Chapuchapu alishika beseni huku muuguzi akishona jeraha. Kila sindano ilipoingia, rafiki yake aliguna, naye akafumba macho.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusamehe. Ila usinisogelee kwanza. Bado nakuogopa."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kicheko cha darasa. Mwalimu, aliyewasindikiza, akamwambia taratibu, "Swali moja lingetosha: ulitaka kusema nini? Neno likikuuma, uliza kabla hujainua mkono."

Ulipita muhula mzima kabla binti wa fundi hajarudi kukaa naye dawati moja.