Fomu Ambayo Mwalimu Hakutia Sahihi

Mwaka wa 1996, kila asubuhi kabla ya saa moja, Chepkurui alikunywa chai ya maziwa, akatia vitabu katika mfuko wa nailoni na kumuaga mama yake, Priscah. Waliishi wawili tu katika nyumba ya mabati, kwenye mji mdogo ulio chini ya mashamba ya chai ya Kimulot. Baba yake, kabla hajafariki, alikuwa ameandikisha ploti ile kwa jina la Chepkurui.

Wenye ploti wote walilipa kodi ya mwaka kwa baraza la mji. Lakini baraza hilo lilimsamehe mwenye ploti ambaye bado ni mwanafunzi, au anayejifunza kazi kwa fundi. Kila mwezi wa Juni mwalimu mkuu alitia sahihi fomu kuonyesha kwamba Chepkurui anahudhuria masomo, naye Priscah akaipeleka kwa karani. Mjane yule aliuza maziwa ya ng'ombe mmoja. Bila msamaha huo asingeweza kuishi pale.

Mwezi wa Mei mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Viatu vya Chepkurui vikafumuka, na wavulana wa darasa la saba hawakumwacha.

"Oneni, kiatu chake kinaomba ugali!"

Jioni hiyo alikutana na Mellen, msichana mkubwa aliyechuma chai kwa kibarua katika shamba la mzee Kimeli.

"Kuja tuchume," Mellen alisema. "Wiki moja tu, ununue viatu, urudi shule."

"Na mwalimu?"

"Tuma mtu amwambie mamako ni mgonjwa. Nani ataenda kumpima?"

Basi Chepkurui akamtuma mtoto wa jirani kwa mwalimu na huo uongo, naye akaingia shambani na kikapu mgongoni. Mellen alimcheka sana siku ya kwanza. "Wacha kushika jani kama kalamu! Unaliandikia barua?"

Wiki ilipokwisha viatu vilinunuliwa, lakini kurudi darasani kukamtisha. Angeulizwa hali ya mama. Angejibu nini? Akajiambia, Jumatatu nitarudi. Jumatatu ikaja, ikapita, na nyingine ikaja. Viatu vipya vikabaki kwa Mellen, visionekane nyumbani. Wiki sita zikaisha hivyo, na kila asubuhi mfuko wa vitabu ulitoka nyumbani kama kawaida.

Ijumaa moja mwishoni mwa Juni, Priscah alivaa kitambaa chake cha kanisani. "Leo twende pamoja kwa mwalimu mkuu. Mwisho wa kupeleka fomu ni Jumatatu."

Njia nzima Chepkurui alitaka kusema ukweli, lakini hakuthubutu.

Mwalimu Kipyegon alisimama alipowaona, akamshika Priscah mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, mama. Tumekuombea hapa shuleni. Umepona?"

"Kupona nini, mwalimu?"

Mwalimu alimtazama Chepkurui, akafungua rejista polepole na kumgeuzia Priscah. Wiki sita, hakuna alama hata moja ya kuhudhuria.

"Mama, siwezi kutia sahihi," alisema kwa sauti ya chini. "Karani huja kukagua rejista hii. Akinikuta nimeandika uongo, watoto wengine wanaotegemea fomu zangu watanyimwa pia."

Priscah hakumpiga mtoto wala hakumgombeza. Hilo ndilo lililomwogopesha Chepkurui zaidi.

Nyumbani, Waringa, mshonaji wa mlango wa pili, aliposikia alikuja mbio. "Mama Chepkurui, usilie. Mimi nitaandika kwamba anafundishwa cherehani kwangu. Hata wanafunzi wa kazi wanasamehewa. Nani atauliza?"

"Asante, Waringa. Lakini huyu ameniuguza kwa maneno wiki sita. Nikikubali aandikiwe uongo mwingine, nitamkanyaje kesho?"

Jumatatu asubuhi Wambugu, mnunuzi wa ng'ombe, akaja kumchukua mtamba wao, mtoto wa yule ng'ombe wa maziwa. Mtamba huyo ndiye aliyewekwa ili auzwe kulipa karo ya Chepkurui ya kidato cha kwanza. Mtamba aligoma langoni, akageuza kichwa na kulia, na ng'ombe mama yake akamjibu kutoka zizini. Chepkurui alijificha nyuma ya nyumba, akalia mpaka kifua kikamuuma.

Kabla ya saa sita kodi ilikuwa imelipwa. Ploti ilibaki yao. Priscah alitoka kwa karani, akaketi kwenye nyasi za ofisi na kumwita karibu binti yake, aliyekuwa amemfuata.

"Mama, nisamehe. Nilitaka viatu tu."

"Ungeniambia, mwanangu. Labda ningekosa pesa, tungelia pamoja, lakini ningejua. Baraza halikutusamehe kwa kuwa sisi ni maskini. Maskini ni wengi. Lilikusamehe kwa sababu unasoma. Kule kukaa kwako darasani ndiko kulikotulipia ile nyumba."

Chepkurui aliinamisha kichwa.

"Kesho utarudi shule, na utamwambia mwalimu ukweli kwa mdomo wako mwenyewe. Mtamba tutafuga mwingine, Mungu akipenda. Kinachoniuma si yeye." Priscah akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Kinachoniuma ni kwamba kila asubuhi nilikuombea pale mlangoni, nikidhani najua unakokwenda."