Kesi Iliyoishia Ofisini

Kila asubuhi Amuge alikwenda shuleni mbio. Si kwamba alichelewa, la. Miguu yake haikupenda kutembea, basi. Alipita kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Uganda hapa Malaba, madereva wakimshangilia kwa honi, akafika darasa la Gredi ya Nane kabla ya wenzake wote.

Jumanne moja alitembea. Dereva mmoja aliyekuwa akipiga mswaki kando ya lori lake alimtazama, akatema povu. "Dada, leo umeishiwa na mafuta?" aliuliza. Amuge alitabasamu kwa shida, akaendelea kujikokota.

Alikuwa na sababu. Wiki mbili zilizopita, Mujib, kiranja wa michezo, alisimama paredini akaiambia shule nzima kwamba alimwona Amuge akikimbia kwa niaba ya shule moja ya Tororo, ng'ambo ya mpaka, tena amevaa jezi yao ya kijani. Kosa hilo si dogo. Mwanafunzi akishindana kwa niaba ya shule mbili, timu nzima hufukuzwa mashindanoni. Mujib hakuwa ametunga uongo. Alikwenda harusini kwa shangazi yake, akapita karibu na uwanja, akasikia watu wakishangilia, "Amuge! Amuge!" Alipotazama aliona uso anaoujua.

Asilolijua ni kwamba mpaka haukuwagawanya Wateso, kabila la akina Amuge, na ndugu zao. Ng'ambo ile anaishi binti wa baba mdogo wa Amuge. Wote wawili walipewa jina la nyanya yao, na sura yake pia wakairithi. Binti huyo alipoletwa ofisini akasimama kando ya mwenzake mbele ya Mujib, mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Amuge akaambiwa hana hatia, kesi imekwisha, arudi darasani.

Ilikwisha ofisini. Bombani, wanafunzi walikopanga foleni ya maji, kesi ilikuwa bado mbichi. "Leo unakimbia upande gani, Kenya ama Uganda?" walimchokoza, kisha wakacheka. Katika mazoezi ya mbio za kupokezana vijiti, Najma, rafiki aliyekuwa naye kama chanda na pete, alimpa kijiti bila kumtazama usoni. Hilo lilimuuma Amuge kuliko yote.

Jioni, wakiwa mezani, aliwaambia wazazi wake, "Nataka kuhamia Chakol, nikasome huko kwa shangazi Adeke."

Baba yake, Echodu, fundi wa kuziba pancha, aliacha kula. "Si ulishinda kesi?"

"Nilishinda, baba. Lakini hakuna anayejua."

"Ukiondoka, watasema umekimbia kwa sababu ni kweli," mama alisema.

"Nikibaki pia wanasema hivyo hivyo, mama."

Wazazi walitazamana. Mwishowe baba alikubali kwa shingo upande kwamba Ijumaa atampeleka kwa pikipiki.

Kesho yake Amuge alimweleza Mwalimu Quinter, mwalimu wa michezo, ambaye alikataa katakata. "Uhame, na mashindano ya kaunti ni mwezi ujao? Mkimbiaji wangu wa mwisho atakuwa nani, mbuzi?" Amuge alicheka bila kupenda. "Kwani kesi yako haikuisha?" mwalimu akauliza.

"Iliisha mlango ukiwa umefungwa, mwalimu. Ilianza shule nzima ikisikia."

Mwalimu Quinter alikuwa ndani ya ofisi ile siku ya kesi, na jambo hili halikumjia akilini hata kidogo. Aliona aibu. "Hapo sisi walimu tulikosea," alisema. "Nenda umuulize Mujib swali moja tu: ukweli aliopata amemwambia nani?"

Mujib alikuwa stoo, akijaza mipira upepo. Amuge alisimama mbele yake.

"Unajua si mimi niliyekuwa Tororo?"

"Najua."

"Umemwambia nani?"

Mujib alijikuna kichwa. "Hakuna aliyeniuliza."

"Na siku ile paredini, nani alikuwa amekuuliza?"

Mujib aliacha kupiga pampu. Hakuwa mtoto mbaya. Aliogopa aibu tu, na aibu hiyo alikuwa amemwachia Amuge aibebe. "Watanicheka," alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi wananicheka kila siku."

Ijumaa ikafika. Echodu alikuwa langoni na pikipiki akimsubiri Amuge aage wenzake, begi lake limefungwa nyuma. Bendera ilipokwisha kupandishwa, Mujib aliomba ruhusa akasimama mbele.

"Nilisema Amuge alikimbia kwa niaba ya shule ya Uganda. Si kweli. Niliyemwona ni binti wa baba yake mdogo. Wanafanana jina na sura. Nilijua ukweli wiki iliyopita, nikanyamaza. Amuge, nisamehe."

Kisha mtoto mmoja wa Gredi ya Nne akauliza kwa sauti, "Kumbe kuna Amuge wawili? Na wote wana mbio?"

Shule nzima iliangua kicheko, na safari hii Amuge alicheka kuliko wote. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Najma alitoka kwenye mstari wake, jambo lisiloruhusiwa, akaja kumkumbatia.

Mwalimu Quinter alingoja watulie. "Wanafunzi wangu, na sisi walimu pia, tusikie," alisema. "Ukimpaka mwenzako matope sokoni, usimwoshe chumbani. Lawama ikitangazwa kwa wote, ukweli nao utangazwe kwa wote. Na kesi ikishakwisha, msiifungue tena bombani."

Amuge alikwenda langoni, ambako baba yake alikuwa amesikia kila kitu.

"Sasa, mama," Echodu alimuuliza binti yake, "twende Chakol, ama nirudi kwa pancha zangu?"

"Rudi kazini, baba. Na uwaambie nyumbani nitachelewa jioni. Tuna mazoezi."

Echodu aligeuza pikipiki huku akicheka, begi likiwa bado limefungwa nyuma.