Mkamburi na Printa Isiyochungulia

Mkamburi ana miaka sita, na tayari ana kazi. Si kila mtu anayo.

Kazi yake ni kugonga pipa.

Pipa lao ni jeusi tii. Linakaa nyuma ya nyumba yao, mjini Voi, kwenye vumbi jekundu. Maji ya mfereji huja Jumatatu tu, tena yakijisikia.

Basi kila asubuhi Mkamburi hukunja ngumi. Hugonga pipa kuanzia juu, akishuka pole pole.

Ko. Ko. Ko. Hapo ni hewa.

Bu. Hapo ni maji.

*Gonga, sikiliza.*
*Ko, ni tupu. Bu, kuna kitu.*

Kaka yake, Mwakio, hagongi. Mwakio anapenda hesabu kuliko chapati. Yeye huhesabu majagi.

Jumatano Mwakio alitangaza kwamba pipa limekwisha. Pipa ni la majagi arobaini, na wamechota majagi arobaini. Alikuwa ameandika yote ukutani kwa makaa.

"Umechungulia?" Mkamburi akauliza.

"Nichungulie ya nini? Nimehesabu."

Mkamburi akainama. Akagonga chini kabisa.

Bu.

Wakaoga wote wawili, na maji yakabaki. Kumbe Mwakio huchota huku anacheza. Majagi mengine hayakujaa hata nusu.

Sasa, Mama yao ana duka dogo karibu na stesheni ya treni. Ni duka la kuchapisha karatasi. Ndani kuna printa moja ya kijivu.

Printa ikifanya kazi, inaimba. Vrrr-kacha. Vrrr-kacha.

Alhamisi, baada ya shule, printa ilipata kazi kubwa. Watoto wote wa darasa la Mkamburi walikuwa wamechora picha na kuandika maneno machache, kila mmoja ukurasa wake. Mwalimu Mkawasi alitaka picha zote ziwe kitabu kimoja.

Kesho yake wazazi wangekuja shuleni. Kila mtoto angesimama mbele ya watu, asome ukurasa wake.

Watoto ni thelathini na mmoja. Kurasa ni thelathini na moja.

Mkamburi alitaka ukurasa wake uwe wa kwanza. Mama akakataa. Alisema wateja kwanza, na mtoto wa mwenye duka mwisho kabisa. Ndiyo heshima ya duka.

Mkamburi akanuna kidogo. Kisha akangoja.

Vrrr-kacha. Ukatoka ukurasa wa Kilelu. Mbuzi amevaa viatu.

Vrrr-kacha. Ukatoka ukurasa wa Mwadime. Treni ina meno.

Vrrr-kacha, vrrr-kacha, mpaka kurasa thelathini. Ukabaki mmoja.

Tiit.

Taa nyekundu ikawaka. Printa ikasema, "Sori. No ink. Wino umekwisha."

Mama akasema wino mwingine uko Mombasa. Utafika Jumamosi.

Lakini kitabu ni kesho.

Mwakio akasema kitabu cha kurasa thelathini nacho ni kitabu. Mkamburi anaweza kusimama tu, atabasamu, akae.

Mkamburi akataka kulia. Lakini hakulia. Alivuta stuli, akapanda juu, akaitazama printa uso kwa uso.

"Umechungulia?"

"Sichungulii," printa ikasema. "Mimi nahesabu. Tone likitoka, naandika moja. Kiwandani waliniambia matone yakifika hapa, niseme umekwisha. Yamefika."

"Na asubuhi, Mama akikuosha mdomo, matone yanayomwagika?"

"Hayo matone nayakisia."

"Na kama wino umebaki ndani?"

"Hiyo si dipatimenti yangu."

Mkamburi akamgeukia Mwakio. Mwakio akatazama dari.

Mama akafungua kifuniko cha printa. Akatoa katriji, kile kisanduku kidogo cha wino, akaiweka mkononi mwa Mkamburi.

Mkamburi akaigonga kwa kidole.

Ti.

Ti si ko. Ti si bu. Kisanduku ni kidogo mno, hakisemi kitu.

Mkamburi akafikiri. Akafikiri tena. Kisha akateremka kwenye stuli, akaenda kwenye kopo la kalamu.

Ndani ya kopo Mama alikuwa ameweka katriji ya zamani. Ile ilikwisha kweli. Maandishi yalififia, yakafifia, mpaka karatasi ikatoka nyeupe. Mama aliitunza ili asije akanunua aina nyingine.

Mkamburi akashika katriji ya zamani mkono wa kushoto. Akashika hii nyingine mkono wa kulia.

Mkono wa kushoto ukapanda juu. Nyepesi kama ganda la karanga.

Mkono wa kulia ukashuka chini. Nzito kama ndimu.

*Beba, pima.*
*Nyepesi, ni tupu. Nzito, kuna kitu.*

Mwakio alisema ni uongo. Mama akamwambia afumbe macho. Akampa katriji zote mbili, akabadilisha mikono, akabadilisha tena.

Mara ya kwanza Mwakio akaijua ile nzito. Mara ya pili akaijua. Mara ya tatu akafumbua macho, akasema sawa, sawa, nimesikia.

Mama hakucheka. Alieleza kwamba kuna hatari. Printa ikilazimishwa bila wino, mdomo wake unaweza kuungua. Na duka halina printa nyingine.

Akapiga magoti, uso wake ukawa sawa na uso wa Mkamburi.

"Mwanangu, una hakika?"

Mkamburi akaipima katriji mara moja tena.

"Bu," akasema.

Mama akairudisha ndani. Akafunga kifuniko. Akabonyeza kitufe cha duara, akakishikilia, kama kijitabu cha printa kinavyosema. Ukikishikilia sana, printa inaacha kuhesabu.

Hapo ndipo Mwakio alipofaa. Moja, akahesabu. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Taa nyekundu ikazimika.

Vrrr.

Kimya.

Vrrr.

Kimya tena. Mkamburi akamshika Mama sketi.

Vrrr-kacha.

Ukurasa ukatoka. Pipa jeusi tii, na msichana mdogo mwenye ngumi kubwa kuliko kichwa. Weusi wake ulikuwa weusi wa masizi ya sufuria.

Mama akachapisha mwingine, wa kubandika mlangoni. Akachapisha wa tatu, kwa sababu Mwakio aliomba, tena kwa adabu. Jioni akaja mzee wa kanisa na nyimbo zake, naye akachapishiwa. Vrrr-kacha, vrrr-kacha, vrrr-kacha.

Mwakio alihesabu kurasa kumi na mbili. Kisha akaacha kuhesabu. Akaisogelea printa, akaiambia taratibu, dada, siku nyingine chungulia.

Vrrr-kacha, ikasema printa. Ilikuwa na kazi.

Ijumaa, wazazi walijaa darasani. Kilelu alisoma mbuzi wake. Mwadime alisoma treni yake. Wa thelathini na moja akasimama Mkamburi, akafungua ukurasa wa mwisho kabisa, akasoma kwa sauti.

"Gonga, sikiliza. Ko, ni tupu. Bu, kuna kitu."

Watoto wakagonga madawati. Ko, ko, ko.

Wazazi nao wakagonga. Mwalimu Mkawasi akagonga ubao.

BU.

Hata dirisha lilitikisika. Mkamburi akarudi kukaa kwenye benchi. Miguu yake haikugusa sakafu, lakini alijiona mrefu kama mnara wa simu.

Jioni hiyo alikula ugali na mchicha. Akanawa miguu. Akapanda kitandani na kitabu cha darasa kifuani, maana Mwalimu Mkawasi alimwazima kwa usiku mmoja, akafumba macho.

Mwakio akasimama mlangoni, akamnong'oneza Mama. Alisema huyu amesoma, amegonga, amekula, amecheka. Akijumlisha yote, huyu amekwisha. Wazime taa tu.

Sauti ndogo ikatoka chini ya blanketi.

"Umechungulia?"

Mama akaja, akaketi kitandani. Akagonga tumbo la Mkamburi kwa kidole kimoja, pole pole.

Bu.

Basi wakasoma kitabu chote, kurasa zote thelathini na moja. Na safari hii, ukurasa wa Mkamburi ukawa wa kwanza.