Gari Lililoacha Kumwamkia Mama

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu, fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Chemchem, Tabora. Mume sina, alishaondoka na mambo yake na sitaki kumzungumzia. Nina mama yangu mzazi, na nilikuwa na mdogo wangu wa kiume... Nasema nilikuwa naye. Yupo hai, anakula, ananenepa, lakini nikisikia jina lake mate yananijaa mdomoni, natamani kutema!

Anaitwa Masanja. Ananunua asali na nta huko Sikonge na kuuza mjini. Nilimlea mgongoni mwangu jamani, Mama akiwa shambani.

Nilijinyima mpaka nikanunua gari dogo la Kijapani, lililotumika. Lilikuwa na kitu nisichowahi kukiona. Mbele, katikati ya taa mbili, kuna sensa, yaani kijicho cha umeme kinachotazama njia. Mtu akikatiza na wewe hujamwona, gari linalia na kujifunga breki lenyewe. Siku ya kwanza nililipeleka Kwihara kwa Mama, naye akapita mbele yangu uani na ungo wake. Gari likalia, likasimama ghafla, pua ikainama.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Gari lina adabu hili! Limenipigia goti, limeniamkia!" Halafu akaliitikia, "Marahaba, mwanangu!" Kwetu mtoto wa kike akimwamkia mkubwa hupiga goti. Basi ukawa mchezo wake. Kila nikiingia uani taratibu, anajitokeza mbele, gari linainama, anaitikia marahaba. Nilimkanya mara ngapi? Hasikii! Anasema gari linamheshimu kuliko wanawe. Na Masanja alikuwepo, akicheka na sisi. Alijua! Naomba mlishike hilo.

Mwaka jana aliliazima gari langu kwenda kufuata nta. Akachelewa kulirudisha, simu hapokei. Alipofika, macho yangu yakakimbilia mbele... taa mpya! Nyeupe, zinang'aa. Zile za zamani zilikuwa zimefifia zikawa na ukungu. Akasema, dada, hii ni zawadi yangu kwako, wewe ndiye uliyenilea.

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka! Nikamchinjia jogoo. Nikampigia Mama simu, akammiminia baraka, na yeye anatafuna paja huku anaitikia "Amina". Amina! Hivi ile nyama haikumkwama kooni?

Ndani ya gari kulinukia asali, nami nikaona raha tu. Kwenye dashibodi palikuwa na doa jeusi kama uchafu uliogandia. Nikasema nitalifuta siku nikipata nafasi. Nani anayeikagua zawadi ya ndugu yake?

Ijumaa iliyofuata nikaenda Kwihara, giza ndiyo linaanza kuingia. Zile taa zilikuwa kali kweli, lakini zilimulika juu, kwenye majani na mapaa ya nyumba. Ardhi mbele yangu ilikuwa kiza. Nikaingia uani polepole kama kawaida. Mama akajitokeza kutoka upande wa jikoni, mikono kiunoni, anangoja kuamkiwa...

Gari halikulia. Halikuinama! Nilikanyaga breki mwenyewe, kwa mguu wangu, na nilikuwa nimeshachelewa. Ule mlio niliousikia, wasomaji wenzangu, siwezi kuuandika.

Nyonga ya Mama ilivunjika. Hospitalini, alipofumbua macho, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, gari lako nimelikosea nini?" Mayo wee!

Ndugu wakakaa kikao. Masanja akasimama mbele ya wajomba zetu, sura ya huzuni kaivaa vizuri, akasema dada anaendesha kwa papara, na yeye amemwonya sana. Wajomba wakatikisa vichwa. Na mimi nikaamini! Nikalala na hatia hiyo, nikaamka nayo, cherehani sikuigusa.

Gari lilibaki pale uani Kwihara, vioo vimefungwa, kwenye jua la Oktoba ambalo watu wa Tabora mnalijua. Siku nilipokwenda kumchukulia Mama nguo, nilifungua mlango nikapigwa na harufu ya nta. Lile doa jeusi lilikuwa limeyeyuka, limechuruzika. Kumbe ni nta iliyochanganywa na masizi! Nikawasha gari. Pale pale lilipokuwa doa, taa ya njano ikawaka. Ni taa ya kuonya kwamba sensa haifanyi kazi...

Kati ya watu wote walioshika gari langu, nani anatembea na nta mfukoni?

Nikalivuta hadi gereji, likafunguliwa mbele. Gari lilikuwa limegonga. Taa zile mpya zilikuwa za gari la aina nyingine, zimelazimishwa kukaa. Bampa limezibwa na kupakwa rangi. Na sensa ilikuwa inaning'inia, imefungwa kwa waya, inatazama matairi. Zawadi yangu hiyo!

Nilimfuata dukani kwake. Hakukataa. Aligonga ng'ombe, akaogopa. Taa ya njano akaona itanitia wasiwasi bure, akaiziba. Halafu akaniambia, bila hata kuinamisha macho, "Dada, nilitaka kukwambia, ila ulishapiga vigelegele."

Eti vigelegele vyangu ndivyo vilivyomziba mdomo! Na kwenye kikao je, nani alimziba? Kinyaa kilinipanda, nikatapika pale pale mlangoni, wateja wake wakiniangalia.

Ndugu wasomaji, nawasihi. Taa za magari haya ya siku hizi siyo taa tu. Ukibadilisha, hakikisha ni za gari hilohilo, sensa ipimwe upya, na taa zielekezwe barabarani. Taa ya onyo ikiwaka usiizibe, tafuta kilichoiwasha. Na usiiachie mashine uhai wa mzazi wako, hata iwe na adabu vipi, kwa sababu usukani niliushika mimi na hilo nitakufa nalo. Na mtu akirudisha kitu chako kikiwa kizuri kuliko alivyokichukua, muulize kwanza! Vigelegele vitasubiri.

Sasa Mama anaishi kwangu, anatembea kwa fimbo. Gari likipita njiani anajibana ukutani. Amemsamehe Masanja, ndiyo umama huo.

Jumapili iliyopita Masanja alikuja na dumu la asali. Akasimama mlangoni, "Shikamoo, dada." Nikaendelea kukanyaga cherehani. Akarudia kwa sauti zaidi. Mama akanitazama, fimbo mapajani, anangoja niitikie.

Sikuitikia. Mpaka leo sijaitikia.