Kisanduku cha Sauti za Mzee Kasereka

Wandegeya, Kampala, mchana, mashine za fotokopi zikinguruma kila upande na wanafunzi wakisukumana na makaratasi yao. Darlène alisimama mbele ya duka la kompyuta, amevaa gauni la kitenge cha njano alilojishonea mwenyewe, mkononi kisanduku cheupe kinachong'aa. Alitaka kifaa cha kuhifadhia nyumbani sauti za baba yake: jumbe mia mbili ambazo Mzee Kasereka alimtumia kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, mpaka wiki aliyofariki. Simu iliyozibeba ilikuwa inazimika ovyo.

"Hiyo usichukue, nyabo," alisema mwanamume nyuma yake.

"Na wewe ni nani?"

"Okwir, fundi wa hapo juu. Hiyo imefungwa kabisa. Siku kampuni ikichoka nayo, inakufa, na hakuna mtu anaweza kuingia ndani."

Akamwonyesha kingine kwenye rafu ya chini, cheusi, kilichotumika, kimekwaruzwa ubavuni. "Hii ndani iko Linux. Unafungua na bisibisi, program unabadilisha vile unataka. Ikiharibika, tunatengeneza."

"Tunatengeneza, wewe na nani?"

Okwir, mtoto wa sajini wa polisi aliyekulia kambini na Kiswahili chake cha kambini, alikifuta kisanduku vumbi kwa mkono wa shati. Darlène akacheka, akachukua kile kibaya. Wanawake wenye akili hufanya hivyo, na si kwenye vifaa tu.

Mwezi mzima simu hazikupoa. Okwir alihamisha zile sauti, siku chache kabla simu ya Darlène haijafa kabisa, akamfundisha kukifungua kisanduku na kukifunga mpaka akaweza bila kutazama.

"Fundi wangu, taa ya kijani inawaka inazima. Iko na nini?"

"Inakukonyeza, bambi."

"Muongo! Ni wewe unakonyeza."

Walipendana, sina haja ya kuzunguka. Ujumbe mmoja tu Darlène hakuwahi kuufungua, ule wa mwisho. Aliogopa kumsikia baba akiaga. Siku alipomweleza Okwir, Okwir aligeuza mazungumzo, akauliza habari za cherehani yake.

Jumapili moja walikuwa chumbani kwa Okwir, Kyambogo, wakila mboga ya malakwang na viazi, Darlène alipoona jina kwenye skrini ya kompyuta: Kasereka.

"Hii ni nini?"

"Nakala. Mimi sigusi kazi ya mtu kabla sijatoa nakala, na siifuti mpaka miezi mitatu ipite."

"Hukuniomba ruhusa."

"Sikuomba. Nisamehe."

"Ulisikiliza?"

Angeweza kudanganya. "Moja. Kupima kama zinalia. Nilibonyeza ile ya juu."

Ile ya juu ndiyo ya mwisho. Darlène aliweka kijiko chini. "Umemsikia baba yangu kabla yangu," alisema, akachukua mkoba wake akaondoka. Alikuwa na haki ya kukasirika, na Okwir alilijua hilo.

Kesho yake Okwir alihamishia nakala kwenye diski moja, akaifuta kwake, akaipeleka nyumbani kwa kina Darlène, Old Kampala, na kumwachia Mama Hortense, mama yake Darlène, pamoja na kikaratasi: "Sijabaki na kitu. Inaingia kwenye kisanduku chako." Alipiga simu siku tano. Haikupokelewa, akaacha.

Wiki ya tatu umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Taa ya kijani haikurudi. Diski ya ndani ya kisanduku ilikuwa imeungua.

"Ita fundi," mama alisema.

"Hapana, mama."

Darlène alichukua bisibisi. Skrubu nne. Akatoa diski iliyokufa, akaweka ya Okwir, akangoja. Taa ikawaka. Sauti zote zilikuwapo, na kwa kuwa alikuwa amekaribia kuzipoteza, safari hii alibonyeza ile ya mwisho.

"Darlène, nimepata viatu, vyeusi, vya ngozi," baba alikuwa anacheka. "Siku kijana atakuja na wazee wake, nitavivaa. Usinichekelee. Umekula?"

Basi. Hakuna kuaga. Darlène alilia mpaka mama akaja kukaa karibu naye, kisha akashika simu.

"Okwir, ulijua habari ya viatu."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza, nilipokwambia naogopa?"

"Ningesema, ungeisikia kwa mdomo yangu, si ya mzee."

Darlène alifuta pua. "Nitakurudishia nakala. Ikae kwako pia. Lakini siku nyingine unaomba kwanza."

"Nitaomba. Na kuna kitu ingine nataka kuomba..."

"Hiyo haiombwi kwa simu. Unakuja na wazee wako, mama awaone." Alikuwa tayari amevuta boksi chini ya kitanda. Mama alikimbia nalo kutoka Butembo, na viatu vya baba vilivyokuwamo havijawahi kukanyaga udongo. "Unavaa namba ngapi?"

"Arobaini na tatu."

Darlène alikigeuza kiatu kimoja, akasoma soli.

"Vitakubana kidogo," alisema. "Lakini utavaa."