Muhuri wa Dirisha la Saba

"Bahasha tano. Moja inasema uongo. Una saa moja."

Mkuu akakata simu.

Jasusi Sindano aliitumbukiza simu mfukoni bila kupunguza mwendo, akapanda ngazi za jumba la mnada. Casio mkononi mwake ilionyesha saa nne na dakika kumi asubuhi. Mkobani mlikuwa na Beretta iliyojaa risasi, na lenzi ya kukuzia yenye kamera ndogo kama punje ya mtama.

Makasha kumi na mawili ya mabomu yalikuwa yameingizwa mjini. Wapokeaji hawakujua yalipo. Wangeambiwa leo, hadharani, kwa muhuri wa posta uliogongwa kwenye stempu ya kikoloni. Hakuna simu ya kudukua wala barua ya kunasa. Mtu anatazama bahasha kabatini, anaondoka zake.

Ukumbini walikuwamo wanunuzi kama kumi. Sindano hakumwamini hata mmoja. Wala mlinzi wa mlangoni, ambaye sare ilimpwaya kama ya kuazima.

"Karibu, mama. Unatoka makumbusho?"

Alikuwa mthamini wa mnada, mzee mtanashati mwenye tai ya kipepeo.

"Naam. Nimefuata zile za posta ya mlimani."

"Una jicho! Stempu zenyewe utaziokota popote. Thamani iko kwenye muhuri. Ofisi ile iliishi miezi minane tu, ikafungwa. Zote tano nimezikagua mwenyewe na kuzitilia saini."

Alitabasamu. Upesi mno.

Sindano aliinama juu ya bahasha ya kwanza. Kwenye kifaa kidogo cha mawasiliano sikioni mwake mtu akakohoa. Ni shangazi yake, aliyegonga mihuri kwenye kaunta ya posta miaka thelathini na moja hadi akastaafu. Mkuu alikuwa amekataa katakata kumwingiza raia kazini. Sindano akamwambia basi atafute mtu mwingine wa kwenda.

"Unaona, shangazi?"

"Tuliza mkono, mwanangu. Picha inatetemeka kama ina homa."

Januari. Wino ulikuwa umezama kwenye karatasi, na muhuri umevuka kutoka kwenye stempu hadi kwenye bahasha, kama ilivyotakiwa.

Ya pili, Machi.

"Hapo hapo! Duara lina ufa chini, kushoto. Chuma kilipasuka hicho. Endelea."

Aprili, ufa. Mei, ufa, tena mpana zaidi.

Ya tano ilikuwa ya Juni. Duara lake lilikuwa zima kama sahani ya dukani.

Shangazi alivuta pumzi. "Mwongo ndiye huyo. Chuma si kidonda, useme kimepona. Aliyeghushi kaiga muhuri wa Januari, akaupachika tarehe ya Juni. Unasomekaje?"

"Tarehe kumi na nne. Saa tano na robo. Dirisha namba saba."

"La saba? Huko mlimani? Walikuwa wanamhudumia nani, nyani?"

Sindano hakucheka. Leo ilikuwa tarehe kumi na nne Juni. Saa tano kasorobo ilikuwa imeshapita.

Akabonyeza kitufe cha Mkuu kwenye kifaa cha sikioni.

"Namba saba. Saa tano na robo."

"Basi ni bohari namba saba, nyuma ya stesheni ya reli; bohari zile tulikuwa tunazishuku. Natuma kikosi. Toka humo."

"Bado."

"Sindano, hiyo ni amri."

Akamkatia mawasiliano.

Mtu aliyeijua ofisi ile hadi idadi ya miezi yake hawezi kupitwa na ufa kama ule. Labda awe ameamua kutouona. Na sahihi iliyokuwa chini ya bahasha ya tano ilikuwa ya mthamini mwenyewe.

Aliinua kichwa.

Mthamini hakuwapo.

Pazia la nyuma lilikuwa bado linacheza. Sindano alilipita kama upepo, akakanyaga ujia mwembamba, akasukuma mlango wa stoo kwa bega. Mzee alikuwa kati ya rafu za albamu, simu sikioni, bastola mkono wa pili. Simu ilikuwa inaita.

Neno moja tu, na makasha yangehamishwa.

Sindano aliipiga rafu teke. Albamu zikamporomokea mzee, bastola ikaruka. Kabla hajainuka, mdomo wa Beretta ulikuwa nyuma ya sikio lake.

Simu ikapokelewa.

"Halo? Kuna tatizo?"

"Waambie waendelee," Sindano alinong'ona.

Tai ya mzee ilikuwa imezunguka hadi kisogoni.

"Hakuna... hakuna tatizo. Endeleeni."

Sindano akaikata simu, wakasubiri hivyo hivyo. Jasho la mzee lilidondoka kwenye albamu iliyofunguka.

Saa tano na dakika kumi na nane, Sindano akabonyeza kitufe tena, sauti ya Mkuu ikarudi.

"Makasha kumi na mawili. Watu wanne wamefungwa pingu. Hakuna risasi iliyolia. Ila ulikaidi amri."

"Ndiyo, mkuu."

Askari wawili wa Mkuu waliingia wakamwinua mthamini. Alimkazia macho Sindano, na kilichomchoma hakikuwa pingu.

"Wataalamu watatu waliipitia bahasha ile wakaisifu. Nani kakuonyesha?"

"Karani wa posta."

Sikioni, shangazi alikuwa hajamaliza.

"Mwanangu, zile nne ni halali. Hao askari wasije wakazikunja."

Sindano aliwapa askari ujumbe huo neno kwa neno. Kisha akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi taratibu, akavuka barabara bila kugeuka nyuma.