Aliyezipokea Njuga

Jioni ya Alhamisi ya wiki ya tatu ya Kwaresima, mwaka jana, nilitumwa kupokea boksi. Kazi hiyo nilikwisha kuifanya mara nyingi mno, hata sikuiombea.

Nyumba yetu ya makumbusho hapa Ifakara ina vyumba viwili tu. Cha kwanza kina mtumbwi uliochongwa kwa mti mmoja, migono ya kuvulia kambale, na picha za masista wa zamani zilizofifia kwa unyevu. Cha pili kina vitu ambavyo watu hawapendi kulala navyo: vibuyu vya waganga, hirizi, vigoda vya matambiko, ngoma ambazo hakuna anayekumbuka zilipigiwa nini. Tuliiendesha watu watatu. Mwalimu Polikarpo, mstaafu, ndiye aliyeianzisha. Bwana Haidari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi lililopakana nasi ukuta kwa ukuta, alishika funguo. Mimi, Serafina, katekista, nilivitunza vitu.

Wapo parokiani walioninung'unikia kwamba nawapangusia mashetani vumbi. Niliwajibu daima: tunavitunza, hatuviabudu. Tena nilikuwa na sababu ya kupima kila hatua yangu. Mama yangu alipandwa na pepo. Nikiwa mtoto nilimwona akichezeshwa hata kinywa chake kikasema kwa sauti ya mwanamke mwingine, na macho yake yakanitazama yasinijue. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilisimama penye kisima cha ubatizo nikakataa kwa kinywa changu mwenyewe: mwili huu ni hekalu la Bwana, hautakaliwa na mwingine. Aliyesimama nyuma yangu kama msimamizi, mkono wake begani pangu, alikuwa Mwalimu Polikarpo.

Kwa miaka ishirini na sita nililinda neno lile. Duniani niliogopa jambo moja tu, na yeye alilijua.

Alinipigia simu saa kumi na moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Niko huku Malinyi, mvua imekata barabara. Nimeacha boksi kwa Haidari. Ni njuga za kale sana. Keshokutwa tuna wageni, na unyevu huu utazila. Zitengeneze leo hii. Kadi ya matunzo nimeiweka ndani, uifuate mstari kwa mstari."

"Zimetoka kwa nani?"

"Kadi itakueleza."

Bwana Haidari alikuwa akishusha mlango wa duka nilipofika. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana.

"Afadhali umekuja, Mama Katekista. Mgeni wenu hatulii."

"Mgeni yupi?"

"Boksi! Tangu adhuhuri linacheza ngoma peke yake. Nimelikalisha chini ya mfuko wa saruji."

"Ni panya hao, Bwana Haidari."

"Panya wangu nawafahamu. Wanakula mchele, hawana muda wa kucheza." Alicheka, lakini alilisogeza boksi kwa mpini wa ufagio, hakuligusa. "Chukua, dada yangu. Mimi nawahi magharibi. Nikirudi nikukute mzima."

Nililibeba hadi chumba cha pili, nikawasha taa ya sola, nikatandika mkeka.

Ndani mlikuwa na ukanda wa ngozi wenye njuga tisa za chuma, na kila njuga ilizibwa mdomo kwa kitambaa chekundu. Chini yake kulikuwa na chupa ya mafuta ya nyonyo, mfuko mdogo wa unga, na kadi. Mwandiko ulikuwa wa Mwalimu, wima na safi, ule ule ulionifundisha kuandika jina langu la ubatizo.

Vua viatu usichafue mkeka. Nilivua.

Toa vitambaa midomoni, vinashika unyevu. Nilitoa vyote tisa.

Paka ngozi mafuta, isipasuke. Ndivyo tulivyofanya kwa ngozi zote. Nilipaka.

Nyunyiza unga kuzunguka, ufyonze unyevu. Mtaalamu aliyetutembelea mwaka juzi alitumia poda. Nilidhani Mwalimu amepata njia ya mtu asiye na poda. Nilinyunyiza.

Funga ukanda kwenye mguu wa kushoto, upime mzingo wake kwa ajili ya kigogo cha maonyesho.

Hapo nilisita. Nilikitazama kiganja changu kinachong'aa mafuta, nikautazama unga mweupe kwenye mkeka... na kitu kifuani kiliniambia, Serafina, umewahi kuyaona haya. Lakini mwandiko ulikuwa wake. Ni nani amwogopaye mchungaji aliyembeba begani?

Nilifunga.

Mstari wa mwisho ulisema nirekodi sauti kwa simu, kwa kuwa karatasi zetu huliwa na mchwa. Nilitaje jina la mwenye njuga mara tatu, kisha niseme: Nimezipokea mimi. Jina lile sitaliandika hapa. Nililitaja mara tatu. Nikasema, "Nimezipokea mimi, Serafina."

Kimya.

Mvua ilianza kugonga bati, kisha ikakata ghafla. Ikaja harufu. Tope la mto, lile la chini kabisa, linaloachwa maji yakipungua mbugani. Ilijaa chumbani kana kwamba mtu ameingia amelowa hadi kiunoni.

Njing'... njing'... njing'...

Mlio wa njuga ulitoka chumba cha kwanza, upande wa mtumbwi. Hatua za mtu asiye na haraka. Nilishika rozari yangu. Nikaanza zaburi ya mchungaji, na nilipofika bonde la uvuli wa mauti ulimi ulikauka, kwa maana hatua zilikuwa zimevuka kizingiti. Sikuona mtu. Niliona unga. Alama ya unyayo ilijichora juu yake, mbichi, vidole vitano, mguu wa kushoto.

Kisha nyingine, karibu zaidi.

Kisha ya tatu, kando kabisa ya mguu wangu. Baada ya hiyo, hakuna tena.

Lakini mlio haukukoma.

Nilitazama chini.

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa unacheza.

Sikuuchezesha mimi. Kisigino kilipanda na kushuka kwa utulivu, kama mguu wa bibi anayesikia ngoma ya mbali, nami nikiutazama kama autazamavyo mtu mnyama aliyeingia nyumbani. Niliinama kuvuta fundo. Ngozi ilikuwa imekaza kama mzizi.

Hapo ndipo niliposikia kikohozi nje ya mlango unaotokea barazani. Kikohozi kikavu, mara mbili, cha pumu. Nimekaa mbele ya kikohozi hicho kanisani miaka ishirini na sita.

"Mwalimu?"

Alikuwa amesimama barazani, vidole vya miguu nyuma ya mstari wa kizingiti. Shati lake lilikuwa kavu. Hakuwa ametoka Malinyi. Hakuwa ametoka popote.

"Usiogope, mwanangu," alinong'ona.

"Umenifanya nini?"

"Umefanya mwenyewe. Mimi niliandika tu."

"Mafuta. Unga. Kulitaja jina..." Niliunyooshea kidole unga ule. "Hilo ni tambiko, Mwalimu. Umenitambikisha mimi! Katika Kwaresima!"

Hakukana. Aliegemea nguzo, ghafla mzee sana, akanieleza. Njuga zile zilikuwa za upande wa mama yake. Hubebwa na mwanamke mmoja katika kila kizazi, na anayezibeba huwa si wake mwenyewe tena. Huchezeshwa, hutumwa, husemewa. Mama yake mkubwa aliyezibeba alifariki siku ya pili ya Krismasi. Tangu siku ile Agnetha, kitinda mimba wa Mwalimu, wa miaka kumi na tisa, alisikia mlio masikioni usiku na mchana. Alikuwa ameacha kula.

"Lazima apatikane mwanamke," alisema. "Azipokee kwa kinywa chake."

"Una dada zako. Una wakwe zako."

"Wote wanazijua. Nani angekubali?"

"Kwa hiyo ukamtafuta asiyejua. Ukamtafuta aliyekuita baba." Nilimtazama usoni. "Yuda alibusu, Mwalimu. Wewe umetumia mwandiko."

Alifumba macho kama mtu aliyepigwa kofi. Nami, Mungu ananijua, nilimhurumia hata katika saa ile. Daudi alilia, Ee Absalomu mwanangu, laiti ningalikufa badala yako. Huyu naye alitaka mtu afe badala ya mwanawe. Ila hakujitoa mwenyewe.

Ndipo Agnetha akatokea kwenye kona ya duka, mwavuli mkononi, amekonda hata gauni lilikuwa likimpepea.

"Baba, huu mwavuli wako... Shikamoo, Mama Serafina." Alishika masikio yake. "Zimenyamaza. Baba, zimenyamaza masikioni!" Kisha aliuona mguu wangu.

Hakuhitaji kuelezwa. Alimpita baba yake, akavuka kizingiti, akapiga magoti katika unga ule.

"Siyo zako, mama. Ni za kwetu. Samahani, mama, samahani sana. Nipe."

Vidole vyake viligusa fundo. Fundo lililonishinda likalegea kama utepe wa nywele za mtoto. Nilihisi mguu wangu ukinirudia, kidole kimoja baada ya kingine, na harufu ya tope ikaondoka puani. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kunyamaza kwa pumzi tatu, niwe huru, na hapana mahakama ya mwanadamu ingenihukumu.

Nilimtazama binti yule. Alikuwa analia bila sauti. Na chini ya gauni lake, kisigino chake cha kushoto kilianza kupanda... na kushuka.

Nilimwona mama yangu ndani yake.

"Hapana!" Nilimpiga mkono. Nililishika fundo nikalikaza kwa nguvu zangu zote. "Toka hapa, mwanangu. Rudi nyumbani ukale. Nimezipokea mimi. Unasikia? Nimezipokea mimi!"

Fundo liliuma hadi mfupani.

Mlio ukakoma. Kila kitu kikakoma. Hata vyura wa mtaroni walinyamaza. Nilidhani nimeshinda. Nilidhani upendo ulio mkuu kuliko wote umezivunja nguvu za yule mwovu, kama ulivyozivunja msalabani.

Ndipo nikamsikia Mwalimu akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Asante, mwanangu," alisema. "Mara ya kwanza ulidanganywa, na anayedanganywa hazimshiki zaidi ya usiku mmoja. Zilihitaji hiari. Ndiyo maana nilimwambia Agnetha aniletee mwavuli saa moja."

Agnetha aligeuka polepole kumtazama.

"Ulijua ningemkatalia," nilisema.

"Nilijua. Wapo wanawake wengi wenye imani Ifakara. Lakini wewe nimekulea. Wewe nilijua hutampa."

Agnetha aliutupa ule mwavuli miguuni pa baba yake. "Usiniite mwanao tena," alisema kwa sauti ya chini kabisa, akaondoka gizani. Yule mzee alibaki akiuokota, akishindwa, akiuokota tena.

Bwana Haidari aliporudi kutoka msikitini alinikuta nimekaa mkekani. Hakufanya mzaha. Alisema Bismillahi, akaleta mkasi wa kukatia bati, akaukata ukanda mara moja. Ngozi ilikatika kirahisi, kama kitu cha kawaida. Njuga zilianguka bila mlio.

"Kumbe ni hizi tu," alisema, akizitazama. Lakini asubuhi yake aliondoa rafu zote zilizoegemea ukuta wetu, na funguo akanirudishia.

Paroko aliniombea na kuninyunyizia maji ya baraka. Hakuona kitu, wala mimi sikusikia kitu. Njuga ziko chumba cha pili, ndani ya kabati la kioo, na wanafunzi huzipiga picha. Agnetha ananenepa. Anaishi Sanje kwa mama yake mdogo, anauza barabarani ndizi na pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga, na husali. Ninapopita hunikimbilia na kunikumbatia, naye hatazami miguu yangu. Kwa ajili yake sijuti, na nikirudishwa jioni ile nitalikaza fundo tena.

Mwalimu Polikarpo nimemsamehe. Sikusukumwa na moyo wangu. Niliamriwa, sabini mara saba, nami nimehesabu. Bado ni mwenyekiti wetu. Hunisalimia kwa upole, nami humjibu. Enyi mnaolea watoto wa watu katika imani, nawasihi kwa machozi: msiijue huruma ya mtu kwa kusudi la kuiwinda. Shetani huziingia nyumba zetu kwa mlango wa udhaifu. Mwalimu wangu aliingia kwa mlango ambao Kristo mwenyewe aliufungua ndani yangu, na sijui kama mlango huo naweza kuufunga nikabaki Mkristo.

Hayo ningeyavumilia. Lakini liko jambo ambalo sijamwambia hata paroko.

Jumapili iliyopita, wakati wa mageuzo, kengele ya altare ililia na kanisa zima likapiga magoti. Nilisikia magoti mawili ya Mwalimu yakigusa ubao nyuma yangu, moja, kisha la pili. Nami nilishuka pamoja na watu wa Mungu.

Goti la kulia lilifika chini.

La kushoto lilibaki limesimama.